Deni la Mfaraguzi: Jacques Loussier, Bach na Suala la Umiliki

Katika uhakiki wa fasihi simulizi, dhana ya ufaraguzi imezoeleka mno hata aghalabu hupita bila kuhojiwa. Husemwa kwamba fanani hutunga papo hapo mbele ya hadhira yake, na suala likaachwa hapo. Lisilosemwa ni kwamba kufaragua ni kufaragua juu ya jambo fulani: lahani, mkasa, au beti zilizotungwa na mwingine. Je, anayefaragua juu ya kazi ya mwenzake anadaiwa nini na mwenzake huyo? Makala hii inalichunguza swali hilo kupitia mfano ulio nje ya fasihi, yaani kundi la wanamuziki watatu lililoongozwa na Mfaransa Jacques Loussier. Mfano huu umechaguliwa kwa kuwa ndani yake mkopaji aligeuka kuwa mdai.

Loussier alizaliwa Angers mwaka 1934, akasomea piano katika chuo cha muziki cha Paris chini ya mwalimu Yves Nat. Mwaka 1959 alirekodi sahani ya kwanza ya Play Bach pamoja na Pierre Michelot, aliyepiga besi, ile fidla kubwa ya kusimamisha ambayo wachezaji wa taarab wanaijua vyema, na Christian Garros, aliyepiga ngoma. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi kuueleza. Aghalabu piano hutaja utungo wa Johann Sebastian Bach karibu kama ulivyoandikwa. Kisha mdundo hugeuka, besi ikaanza kutembea, na piano ikaziacha noti za karatasini ikashika njia yake. Hatimaye utungo wa asili hurejea. (Jazi inayotajwa hapa, yafaa ikumbukwe, ni ile iliyozaliwa na Wamarekani weusi, si muziki wa dansi wa magitaa ambao bendi kama Morogoro Jazz zilijiita kwa jina hilo hilo.) Sahani hizo ziliuzwa kwa mamilioni, na katika televisheni ya Uingereza mojawapo ya vipande vyake ilitumika kwa miaka mingi kutangazia sigara nene ziitwazo Hamlet.

Lalamiko dhidi ya sanaa ya namna hii ni la zamani: ati maandishi ya bingwa ni amana, na anayeyagusa anayanajisi. Lalamiko hili halina mashiko ya kihistoria. Katika zama za Bach, mpiga kinanda aliyeandamana na wenzake aghalabu alipewa sauti ya chini pekee pamoja na tarakimu, naye akajazia mengine kwa akili na vidole vyake. Mwaka 1747 Bach mwenyewe alizuru kasri ya Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia huko Potsdam. Mfalme akampa lahani, naye Bach akaifaragua pale pale kuwa fyuga ya sauti tatu, yaani utungo ambao sauti moja hutaja lahani na nyingine zikaifuata zikiijibu. Alipotakiwa afanye hivyo kwa sauti sita, alichagua lahani yake mwenyewe. Ile ya mfalme aliitungia fyuga ya sauti sita baadaye, kwa maandishi, nayo imo katika mkusanyiko uitwao Sadaka ya Kimuziki. Kwa hiyo hata fundi wa mafundi aliujua mpaka wa papo kwa hapo. Imani kwamba karatasi ndiyo kazi yenyewe ilikomaa baadaye. Katika koncheto yake ya tano ya piano, aliyoitunga mwaka 1809, Ludwig van Beethoven alimkataza mpigaji kufaragua mahali ambapo desturi ilimruhusu, akamwandikia la kufanya.

Hata hivyo, historia haimalizi suala la kimaadili. Bach aliichukua koncheto ya Antonio Vivaldi iliyotungwa kwa fidla nne akaigeuza kuwa ya vinanda vinne, na desturi ya zama zile haikumdai ruhusa. Kusema kwamba Loussier naye hana hatia kwa kuwa Bach alifanya vivyo hivyo ni kujitetea kitoto: hata fulani alifanya. Inapasa kutenga haki na deni. Bach alifariki mwaka 1750, na hakuna mrithi awezaye kwenda mahakamani kwa niaba yake. Sheria imeifuta haki ya kudai, deni haikuligusa.

Ni kwa namna gani basi deni la aina hii hulipwa? Ushairi wa Kiswahili una bahari iliyolijengea swali hili jibu ndani ya umbo lake. Katika takhmisi, kama ile ya Sayyid Abdallah bin Nasir juu ya tungo za Liyongo, maneno ya mshairi wa kwanza hubaki yalivyo, naye wa pili huyatanguliza mishororo yake mitatu, akilazimika kuifungamanisha na kina kilichowekwa na mwenye asili. Aliyekuja nyuma husema kwanza, lakini neno la mwisho ni la aliyetangulia. Hapa heshima si suala la adabu ya moyoni. Ni mzigo unaobebwa na umbo: kila mshororo mpya una mahali unapolazimika kufika.

Kwa kipimo hicho, kazi za Loussier hazilingani. Katika Preludi ya kwanza, iliyofungua sahani ya 1959, mfaraguzi anabanwa na mfuatano wa mapatano ya sauti alioupanga Bach, na uhuru wake una thamani kwa sababu ya kubanwa huko. Katika Air, kile kipande cha tangazo la sigara, mzigo ni mwepesi mno. Utungo umepambwa, haukujibiwa. Yamkini ndiyo maana ulifaa tangazo.

Mwaka 2002 Loussier alimshtaki msanii wa rapu Eminem nchini Marekani, akidai kwamba wimbo "Kill You" wa mwaka 2000 ulitumia sehemu ya utungo wake "Pulsion" bila idhini, na akataka fidia ya dola milioni 10. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama, kwa hiyo hakuna hukumu ya kurejelea. Ni rahisi kumcheka mtu aliyetajirika kwa Bach akilia kuibiwa. Kicheko hicho kina haraka. "Pulsion" ilikuwa tungo yake, naye alikuwa hai. Zaidi ya hayo, jina la Bach lilikuwamo katika anwani ya kila sahani ya Play Bach, ilhali alichokilalamikia yeye ni kutumiwa bila kuulizwa. Lakini kicheko kina chembe ya ukweli pia. Rapu nayo imejengwa juu ya desturi ya kuunda upya sauti zilizorekodiwa na wengine, na desturi ndiyo iliyomtetea Bach kwa Vivaldi. Ikiwa desturi haitoshi kwa mmoja, haitoshi kwa mwingine. Kinachobaki ni kumtaja mwenye asili na kuubeba mzigo wake.

Na hapo ndipo swali linapoingia ndani ya kundi lenyewe. Mkondo wa besi katika sahani zile, pale unapoacha karatasi, ni wa Michelot. Huyu hakuwa mwanafunzi wa kuongozwa: mwezi Desemba 1957 alikuwa miongoni mwa waliofaragua na Miles Davis muziki wa filamu ya Louis Malle, Ascenseur pour l'échafaud. Alichokijibu kwenye piano ya Loussier hakikuwamo kwa Bach wala hakikuwamo kwa Loussier. Majina ya wapigaji yalitajwa, naam, lakini kundi lilijulikana kama Jacques Loussier Trio. Sheria za hakimiliki zilizojengwa juu ya maandishi humtambua aliyeandika na, kwa haki nyingine, aliyerekodiwa. Utungo unaozaliwa kati ya watu watatu kwa kujibizana si rahisi kuugawa kwa vipimo hivyo. Fanani wa ngano analijua tatizo hili, kwani kiitikio cha hadhira hunakiliwa na mkusanyaji kana kwamba ni pumzi ya msimulizi.

Kundi lilivunjika mwaka 1978. Mwaka 1985, miaka 300 tangu Bach azaliwe, Loussier aliliunda upya akiwa na Vincent Charbonnier kwenye besi na André Arpino kwenye ngoma, akaendelea kwa jina lile lile. Loussier alifariki mwaka 2019. Walichokitunga Michelot na Garros kimo katika sahani za awali pekee, na mhakiki atakayetaka kulipima deni hili atalazimika kuzisikiliza akianza na besi, piano baadaye.