Hospitali na Wakfu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika vijiji vingi vya Tana River, Garissa, Wajir na Mandera, mwanamke akishikwa na uchungu usiku, jamaa zake hutafuta gari kabla ya kutafuta daktari, kwani daktari yu mbali. Hospitali nzuri za watu binafsi nyingi zimo mijini, na bei zake ni za wenye nacho. Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtu haki ya kutibiwa, na haki hiyo hatuna budi kuidai. Lakini kuidai haki kwa serikali hakutuondolei fardhi iliyo juu yetu. Imamu Ghazali, katika Ihyaa, ameihesabu tiba kuwa ni fardhi kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika mabishano ya fiqhi ilhali miji yao haina tabibu Muislamu. Fardhi kifaya ikiachwa na wote, dhambi ni ya wote.

Huenda mtu akasema: sisi twatoa, tena twatoa sana. Ni kweli. Hufanywa harambee, wenyeji wakachanga, na walio Nairobi na ng'ambo wakaleta. Jiwe la msingi likawekwa na watu wakapiga takbiri. Kisha ikipita miaka mitatu, utaona jengo lipo na dawa hakuna. Mashine imeharibika, na muuguzi amekwenda zake kwa kukosa mshahara. Kosa hapo si uchache wa sadaka. Kosa ni kuwa sadaka yote imeingia katika mawe, na mawe hayamtibu mtu.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaibar alimwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri, naye akamwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake, isiuzwe, wala isitolewe zawadi, wala isirithiwe. Hapo ndipo msingi wa wakfu. Sultani Nuruddin alipojenga hospitali yake Dameski mwaka 1154, na Sultani Qalawun alipojenga yake Kairo mwaka 1284, hawakuishia kwenye kuta. Waliziwekea wakfu za milki zenye kuleta pato, na kwa pato hilo wakalipwa matabibu, zikanunuliwa dawa, na maskini akatibiwa bila ya kuulizwa ana nini mkononi. Watoaji walikufa, na hospitali zikaendelea kwa mamia ya miaka.

Basi nasi tufanyeje? Kwanza, kabla ya kujenga hospitali, tujenge kitakachoilisha. Katika madhehebu yetu ya Shafii fedha taslimu haziwekwi wakfu, kwani hutoweka kwa kutumiwa. Lakini hapana kizuizi watu kuchanga fedha, wakanunua maduka au nyumba za kupangisha, kisha wakaziweka wakfu kwa hospitali. Tufanye mfano: watu 500 wakitoa shilingi 200 kila mwezi, kwa mwaka ni shilingi 1,200,000, na kwa miaka mitano ni shilingi 6,000,000. Hizo ni fedha za kununua milki, na kodi ya milki hiyo italipa mishahara hata sisi tukiwa makaburini.

Pili, zaka isitiwe katika ukuta. Aya ya 60 ya Sura Tauba imekwisha kuwataja wenye haki nayo, na jengo si mmoja wao. Maskini mgonjwa apewe haki yake, naye ajilipie matibabu yake. Kwa njia hii zaka imefika kwa mwenyewe, na hospitali imelipwa.

Tatu, tusianze kwa mkopo wa riba. Anayekopa kwa riba hulazimika kuutafuta ziada, na ziada hiyo atamtoza mgonjwa. Mwenye mali na atoe mkopo mwema, au washirikiane watu kwa faida na hasara.

Nne, kumtoza mwenye uwezo si haramu, bali ni lazima, kwani hospitali ya bure kwa kila mtu haidumu. Atoe kiasi cha gharama, na wakfu umchukulie asiyeweza. Kumzuilia mgonjwa wodini kwa sababu ya deni ni dhulma. Mahakama Kuu nayo ilihukumu mwaka 2015 kuwa ni kuvunja haki. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tumngoje mdaiwa mwenye dhiki mpaka afarijike.

Na asiseme mtu kuwa bima imetutosheleza. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilishika pahala pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na kujiandikisha humo ni jambo jema. Lakini mwaka 2025 hospitali nyingi za binafsi zililalamika kwa kucheleweshewa malipo yao. Hospitali ndogo isiyo na akiba ikicheleweshewa miezi mitatu, hufunga mlango. Wakfu ndio akiba yake.

Limebaki moja, nalo ndilo zito: amana. Wakfu ngapi zimeliwa na waliopewa kuzilinda! Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022 ipo, lakini sheria haimlindi asiyeuliza. Mutawalli asiwe mmoja peke yake, na hesabu ya mapato na matumizi isomwe msikitini mbele ya watu kila mwaka. Mwenye kukasirika kwa kuulizwa hesabu, asikabidhiwe mali ya wagonjwa.

Enyi ndugu, mtaa mmoja una misikiti mitatu, na safu za wa tatu hazijai. Karamu za arusi na hitima hula maelfu kwa siku moja. Nani amesema kuwa sadaka yenye kuendelea ni msikiti tu? Duka moja lenye kumlipa mkunga ni sadaka yenye kuendelea, na kila mtoto azaliwaye salama ni shahidi wake.

Mwenyezi Mungu atupe taufiki ya kutenda tunayoyajua, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.