Sadaka Haidondoki

Wakati wa kiangazi, upepo uvumapo Kondoa, vumbi jekundu hupaa juu ya mashamba, nasi husema kwamba ardhi imekwenda bure. Je, ni bure kweli?

Wataalamu wametufundisha kwamba katika sehemu kubwa za bahari kuu, mbali na midomo ya mito, maji yana upungufu wa madini ya chuma. Na bila madini hayo mimea midogo sana, ambayo ndiyo msingi wa chakula cha samaki, haistawi. Vumbi la nchi kavu huyapeleka huko kwa upepo na mvua. Vumbi la Sahara huirutubisha Atlantiki, na jingine hufika hata misitu ya Amazon. Basi hasara ya nchi moja yaweza kuwa riziki ya nyingine.

Hapo mvivu atauliza: ya nini kuchimba matuta? Twamjibu kwamba udongo wa Kondoa huchukuliwa zaidi na maji kupitia makorongo, na mto Bubu huishia katika mbuga za Bahi, usifike pwani. Tena, hata kama ungefika, wema uliotokea pasipo nia si sifa ya aliyezembea. Mtu aliyetobokewa gunia la mtama njiani, ndege wakashiba, hawezi kuwaambia watoto wake wenye njaa kwamba ametoa sadaka. Sadaka hutolewa, haidondoki.

Lakini hoja hii yamgeukia pia yule aliye mbali. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililomomonyoka, lenye ukubwa wa kilometa za mraba 1,256. Majani na miti ikarudi. Hata hivyo, walioupata uchungu wake ni wafugaji, waliokosa maziwa na samadi nyumbani.

Ikiwa vumbi la jangwa laweza kumlisha samaki asiyelijua, basi hakuna ardhi iliyo ya jirani peke yake. Tunaofaidi ni wengi. Haki yatudai tusiwaachie wachache mzigo wa kuitunza.