Unyevu kwenye mshono

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Nimekiunganisha kutokana na mambo yanayotokea sana barabara ya Mang'ola hadi Karatu, ambako bodaboda hubeba vitunguu na abiria, na kofia ngumu huachwa nyumbani.

Baba mmoja wa Rhotia alianguka na bodaboda usiku. Ubongo ukavimba, madaktari wakatoa kipande cha fuvu ili upate nafasi, wakakihifadhi chini ya ngozi ya tumbo lake mwenyewe. Njia hiyo inatufaa, maana haihitaji friji wala umeme. Miezi ikapita, akarudishiwa mfupa wake. Nyumbani wakachinja mbuzi.

Furaha ilikuja mapema mno. Mfupa uliorudishwa hauna damu inayopita ndani yake, sawa na bamba la titani. Bakteria wa kawaida wa ngozi wakiufikia hujijengea utando, na humo dawa huwapata kwa shida.

Hatari yake ingeweza kuonekana mapema. Alikuwa na kisukari, alivuta sigara, na alikwisha kupasuliwa mara mbili palepale kwa sababu ya damu kuvilia. Kila moja huongeza uwezekano wa usaha, na yote huulizwa kabla ya kisu. Sukari ingeshushwa kwanza, hata kama tarehe ingesogezwa. Sigara aliificha.

Wiki ya tatu mkewe akamwambia mama mkwe: "Mama, mshono unatoa maji."

"Ni jasho la kofia, mwanangu. Mvue."

Wakanunua kapsuli duka la dawa. Pakakauka, pakalowa tena, wakanunua nyingine. Hili linaniumiza kuliko yote: kapsuli zilinyamazisha dalili, wadudu wakabaki juu ya mfupa. Homa na kuchanganyikiwa vilipoanza, usaha ulikuwa umejaa chini ya ngozi. Akapelekwa hospitali ya KCMC, Moshi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Karatu. Mfupa ulitolewa, ukatupwa. Zikafuata wiki za sindano, kisha miezi ya kuishi na kichwa kilichobonyea, akingoja bamba la kununua.

Kinga ya maambukizi haya haina maajabu. Kichwa kioshwe kwa sabuni kabla ya upasuaji. Nywele zikilazimu kupunguzwa, itumike mashine, si wembe unaochanja ngozi. Sindano ya antibayotiki itangulie kisu, kwa kawaida ndani ya saa moja. Nyumbani, mshono usiguswe na samli, majivu wala dawa ya mizizi. Ukilowa, ukivimba au ukiwa mwekundu, au mgonjwa akipata homa au degedege, aende siku hiyohiyo hospitali iliyo karibu, na daktari aliyempasua apigiwe simu. Tarehe ya kliniki isingojwe. Maambukizi mengine hujitokeza baada ya miezi mingi, hivyo kovu liangaliwe hata likionekana limepona.

Namba ya wodi iandikwe kwenye daftari kabla ya kuruhusiwa, akabidhiwe anayelala karibu na mgonjwa, maana mshono ulio nyuma ya sikio mwenyewe hauoni.