Nani Alichangia Difu Hii?

Wamarekani wanaojenga hotirodi wana neno moja linalonikera. Gari linalong'olewa kifaa ili kifaa hicho kiende kwenye gari jingine wanaliita kwa jina lilelile wanalomwita mtu anayetoa damu hospitalini: mchangiaji. Sasa, mchangiaji damu hukunja shati mwenyewe, hunyoosha mkono, hupewa soda, akaenda zake. Gari hili halikukunja shati. Limepigwa jeki, boliti zimelegezwa, difu imetolewa chini yake ikidondosha oili. Kama huko ni kuchangia, basi hata mbuzi huchangia pilau.

Kwa asiyezijua: hotirodi ni gari kuukuu la Kimarekani, aghalabu Ford Model A ya 1928 hadi 1931 au Ford ya 1932, lililovuliwa kila kisichohitajika na kufungwa injini yenye nguvu kuliko ile liliyotoka nayo kiwandani. Mchezo ulikolea kusini mwa California, kwenye maziwa makavu kama Muroc na El Mirage, ambako vijana walikwenda kupimana kasi. Chama chao cha SCTA kilianza 1937, na jarida la Hot Rod lilitoka mara ya kwanza Januari 1948. Wengi wa vijana wale hawakuwa na hela. Walichokuwa nacho ni magari mabovu yaliyojaa kila mahali. Ford ilipoanza kufunga breki za majimaji mwaka 1939, haikuchukua muda breki hizo zikaonekana kwenye magari yaliyotoka kiwandani miaka kumi kabla yake. Kwa hiyo tusije tukajidai kwamba kupora maiti ni dhambi iliyoingia baadaye. Ndio mchezo wenyewe.

Difu huja kuwa swali kwa sababu ya injini. Model A ilikuwa na nguvu farasi 40. V8 ya 1932 ilikuwa na 65. Difu za magari hayo zilitengenezwa kwa kazi hiyo. Propela yenyewe imefichwa ndani ya bomba, na bomba hilo ndilo linalosukuma gari lote mbele. Funga injini ya siku hizi yenye farasi mia tatu na zaidi, na umeidai difu ya babu kitu ambacho haikuwahi kuahidi. Itasaga meno, na hapa sisemi kwa mafumbo.

Basi mjenzi anatafuta difu nyingine, na hapo ndipo njia zinapogawanyika. Ya kwanza ni ile Ford iliyoanza kuitoa 1957, inayojulikana kwa inchi tisa za kipenyo cha gia yake kubwa. Ni ngumu, na moyo wake wote hutolewa kwa mbele kama droo ya kabati. Zilifungwa kwenye magari mengi hadi miaka ya 1980, lakini zinazowindwa hasa ni za stesheni wagoni na pikapu ya Ranchero za 1957 hadi 1959, kwa sababu ni nyembamba: takriban inchi 57 na robo toka ukingo hadi ukingo. Inaingia chini ya gari la kale bila matairi kuchungulia nje ya madigadi. Ya pili ni ya Ford Explorer, hasa kuanzia ile ya 1995 iliyokuja na breki za diski nyuma. Hii ni pana zaidi, takriban inchi 59 na nusu, na pua yake haiko katikati. Lakini ziko tele. Nenda yadi yoyote ya vyuma chakavu Marekani utazikuta zimelala, na kwenye kifuniko kuna kibati kimeandikwa, tuseme, 3L73, nawe unajua uwiano wa gia bila kufungua kitu.

Sasa tuseme kuna stesheni wagoni ya 1958. Milango minne, rangi imefifia, lakini inawaka na kutembea. Mzee aliyekuwa nayo amefariki na watoto wake wanataka nafasi ya kuegesha. Wapenzi wa magari ya kale hawaigombei, maana stesheni wagoni ya milango minne haina mvuto wa gari la milango miwili. Yupo mtu mmoja anayeitaka, naye anataka difu tu. Je, akate?

Jibu la haraka ni kwamba gari halina roho. Kweli, halina. Wala sitaki kumtungia bati machozi. Hata hivyo nadhani jibu hilo linakwepa swali. Tunapochinja, lugha yetu na adabu yetu vinatudai mambo: kisu kiwe kikali, mnyama mwingine asione, nyama isitupwe. Sehemu kubwa ya adabu hiyo humlinda mnyama, lakini sehemu nyingine humlinda mwenye kisu asizoee. Ndiyo maana neno kuchinja naliona la kweli kuliko kuchangia. Linakukumbusha kwamba kisu kiko mkononi mwa mtu.

Ila kuna kichekesho hapa. Kwa mnyama tunakatazwa kibudu, na tunaambiwa tule kilichochinjwa kikiwa hai. Kwa gari nadhani sheria igeuke: kula kibudu, waache wazima.

Wanafasihi tumekuwa na kitabu cha jambo hili tangu 1818. Katika riwaya ya Mary Shelley, Victor Frankenstein anakusanya malighafi yake kwenye vyumba vya kupasulia maiti na machinjioni. Tumeandika tasnifu kwa tasnifu kuhusu yule kiumbe: ana utu au hana, baba yake anamdai au anadaiwa. Waliotoa mikono na miguu yake hatuwaulizii kabisa. Hawana jina hata moja kitabuni. Hotirodi nayo hufanyiwa hivyohivyo. Kwenye maonyesho kibao kitakuambia boma la gari ni la mwaka gani, injini ina ukubwa gani, rangi imepigwa na nani, kisha kitasema "difu: inchi tisa". Basi. Gari zima limegeuka kuwa kipimo.

Wenzangu wanaopenda falsafa watanikimbizia meli ya Theseus, wakiuliza kama Ford ya 1932 yenye difu ya 1958 bado ni Ford ya 1932. Swali zuri la kunywea kahawa, lakini ni swali la mpokeaji. Mimi linanisumbua la upande wa pili: ni lini kitu kizima kinakuwa halali kuvunjwa?

Soko lina jibu lake: pale kinapokuwa na thamani kubwa kikiwa maiti kuliko kikiwa hai. Na si soko tu. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilitoa dola 3,500 au 4,500 kwa mtu aliyeleta gari linalokula mafuta mengi akanunua jipya lenye nafuu. Magari zaidi ya laki sita na nusu yalisalimishwa katika muda usiofika miezi miwili. Yalipaswa kuuawa rasmi: oili inamwagwa, inatiwa sodiamu siliketi, yaani kioo cha majimaji, injini inawashwa na kuachwa inguruma mpaka ijikabe yenyewe. Waliokuwa nazo kiganjani wakati huo wanasema nini sijui. Ninachojua ni kwamba Explorer zilikuwa miongoni mwa zilizoongoza kwa wingi katika foleni ile. Na sheria hiyo, iliyokataza injini isiuzwe, iliruhusu difu iuzwe peke yake. Moyo unazimwa kwa amri, mgongo unapelekwa sokoni. Unaweza kuipinga sera ile (mimi naiona ilikuwa ya kifujaji, maana mengi yalikuwa bado yanatembea), lakini mjenzi anayeikuta difu hiyo yadini hakuua chochote. Alikuta tayari.

Tofauti hiyo, kati ya kukuta na kuua, ndiyo ninayoishikilia. Stesheni wagoni ya 1958 bado inafanya kazi yake. Miaka yote hiyo kuna watu waliobadilisha oili yake, walioitafutia kioo kilipopasuka, na kazi yao yote bado imo ndani inatembea. Anayeikata kwa ajili ya inchi mbili na robo za wembamba anafuta kazi ya watu hao kwa sababu hataki usumbufu wa kupunguza difu nyingine. Huo si ukatili. Ni uvivu wenye pesa. Na yapo magari ya aina hiyo yaliyooza chasisi, yaliyogongwa, yaliyochomwa na jua la jangwani mpaka sakafu haipo. Difu yake ni ileile. Subira tu.

Atakayesema "nunua mpya" hajakosea: inchi tisa hutengenezwa hadi leo, ikiwa imekatwa kwa kipimo chako. Mwenye uwezo anunue. Lakini nisingetaka iwe sheria, kwa sababu mchezo huu ulianzishwa na wasio na uwezo, na kumwambia kijana asiguse jalala ni kumfukuza.

Kuna upande mmoja usiovumilia huruma hata kidogo, nao ni wa walio hai. Usichague difu dhaifu kwa kuwa ilipatikana kwa njia safi. Kwenye Explorer ekseli inashikiliwa na kipete chenye umbo la C huko ndani kabisa. Ekseli ikivunjika, gurudumu linaweza kuondoka nayo. Kwenye inchi tisa inashikiliwa huku nje, kwenye beringi. Anayevuka barabara mbele ya hotirodi yako hajui lolote kuhusu dhamiri yako. Kwa injini ya wastani Explorer inatosha sana, ekseli zake ni nene, zina meno 31. Kwa injini ya mashindano, badilisha mfumo wa kipete au tafuta nyingine.

Na hata ukichagua kibudu, hesabu haiishii kwenye gari moja. Kuipunguza difu ya Explorer, fundi hukata karibu inchi tatu kwenye bomba refu la kushoto na kulichomelea upya, ili pua ikae karibu na katikati. Bomba likifupishwa, ekseli ndefu haifai tena; inatakiwa nyingine fupi kama ya kulia. Kwa hiyo unarudi yadini kutafuta Explorer ya pili. Unafungua kifuniko, unatoa pini, unasukuma ekseli ya kulia ndani kidogo, kipete kinadondoka, ekseli inavutika kwa mkono. Ile ya kushoto unairudishia kipete chake, unafunga kifuniko, boliti zote kumi, ili mvua isiingie kabla hajaja anayeihitaji.