Je, Ulimi Huonyesha Moyo?



Kijana wetu alipomleta mchumba wake nyumbani kwa mara ya kwanza, tulimwandalia ugali wa muhogo, sato na ngogwe. Binti alikula vizuri, lakini ngogwe alizisogeza kando ya sahani. Walipoondoka nilimwambia mke wangu, "Huyu ana maringo. Chakula chetu anakidharau." Neno hilo likamfikia kijana, naye kwa miezi miwili hakukanyaga nyumbani. Ndipo nikaanza kujiuliza: je, yale mtu apendayo kula huonyesha tabia yake?

Swali hili si langu peke yangu. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, nchini Austria, Christina Sagioglou na Tobias Greitemeyer, walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya Wamarekani 953. Waliona kwamba waliosema wanapenda vyakula vichungu walielekea kidogo zaidi kuwa na ukali na kutojali wengine. Angalieni basi: mimi nilimhukumu binti kwa kuwa hapendi uchungu, kwa kipimo hiki, mwenye kasoro ni mimi niupendaye! Lakini huo ulikuwa mwelekeo wa kundi, tena kwa maneno ya watu juu ya nafsi zao. Mwelekeo wa kundi hauwezi kuwa hukumu juu ya jirani yako.

Tena ndimi zetu hazikuumbwa sawa. Mwaka 1931, huko Marekani, mkemia Arthur Fox alikuwa akimimina unga wa kemikali fulani, vumbi likaruka. Mwenzake alilalamika kwamba ni uchungu mno. Fox mwenyewe hakusikia ladha yoyote. Baadaye ilijulikana kwamba tofauti ile mtu huirithi kwa wazazi wake. Uchungu wa ngogwe ni mwingine, lakini fundisho ni lile lile: watu wawili waweza kula chungu kimoja wasionje kitu kimoja. Malezi nayo yana sehemu yake, kwa maana mtoto huanza kuzoea ladha ya chakula cha mama yake tangu tumboni, kisha katika maziwa. Aliyelelewa kwa mlenda na michembe ataviona vitamu. Aliyekulia kwenye ndizi za Bukoba huenda akahitaji muda.

Hata kupenda kwetu hubadilika. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Alipozidi katika miaka ya 1980, wengi wa mwambao huu walimkataa kwa sababu ya mafuta yake. Kisha viwanda vya Mwanza vikaanza kupeleka minofu Ulaya, na wananchi wakanunua mapanki, wakayala na kuyazoea. Je, siku tulipoyazoea tuligeuka kuwa watu wengine? La hasha! Mchoyo alibaki mchoyo, na mkarimu akabaki mkarimu.

Hata hivyo sisemi kwamba meza haina la kutufundisha. Tabia huonekana mezani, ila haionekani katika ladha. Utaiona kwa baba ajitwaliaye mnofu kabla ya watoto, na kwa mgeni amdhihakiye mpishi. Utaiona pia kwa yule anayeshukuru kwa kidogo kilichopatikana kwa shida. Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi, anawaonya walao na wasiokula wasidharauliane. Nikiikumbuka siku ile, binti yule aliwanawisha wazee mikono, akashukuru, akasaidia kuosha vyombo. Yote hayo niliyaona, nikayapita, nikahesabu ngogwe.

Basi nilikwenda kwa kijana wangu nikamwomba radhi, na binti pia. Binti akapiga goti akasema, "Baba, zilinishinda tu. Sikutaka kuwaudhi." Siku hizi akija, ngogwe hupikwa kama kawaida, na pembeni huwekwa bakuli la mchicha.

Nanyi, ndugu zangu, kabla hamjaondoka mezani leo, jiulizeni: ni nani niliyemhukumu kwa kuitazama sahani yake?