Shukurani ya Maji na Haki ya Anayeyateka

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kuteremsha mvua na kuihuisha nchi kwayo; na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Katika neema ambazo mtu hazitambui mpaka zimwondokee ni neema ya maji safi. Muadhini aadhinipo alfajiri, mwanamume huondoka kitandani akaukuta mtungi umejaa. Akatawadha, akaenda msikitini hali ni tohara, na akisha kusali humshukuru Mola wake kwa afya na riziki. Walakini ni wachache wanaojiuliza maji yale yalitoka wapi, na ni kichwa cha nani kilichoyachukua.

Bibi Hajar, mama yake Nabii Ismail, aliachwa katika bonde lisilo mmea wala mtu. Maji yake yalipokwisha na mtoto akashikwa na kiu, alipanda Safa akatazama, akashuka akapanda Marwa akatazama, mara saba, hata Mola akamfunulia Zamzam. Mwendo huo wote ni karibu kilomita 3, na kila mwenye kuhiji, awe sultani au hamali, hana budi kuupita. Nguzo ya ibada yake ni nyayo za mama anayetafuta maji. Basi ni ajabu mtu kuzifuata nyayo hizo Makka, kisha akirejea kwake asimwone mkewe wala binti yake aliyekwenda kisimani kungali giza.

Watu wa pwani wana mazingatio yao wenyewe. Mji wa Unguja zamani ulikunywa maji ya visima vifupi, vilivyokuwa karibu na vyoo na makaburi. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia, na kufikia 1870 kilikwisha ua maelfu ya watu. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliyavuta maji ya chemchemi za nje ya mji kwa mabomba mpaka mjini. Kasri lake la Marhubi liliungua mwaka 1899, na sehemu ya Beit al-Ajaib ikaanguka mwaka 2020. Lakini kwa maji yale angali akitajwa kwa wema. Na kabla yake, kule Madina, Sayyidna Uthman bin Affan r.a. alikinunua kisima cha Ruma, ambacho mwenyewe akiuza maji yake, akawaachia Waislamu wote, tajiri na fukara wakateka sawasawa.

Leo Mombasa hunywa maji ya Mzima, Marere, Tiwi na Baricho, na bomba la Mzima, lililokamilika mwaka 1957, hupita zaidi ya kilomita 200 kabla ya kufika kisiwani. Hata hivyo mitaa mingi hushinda siku mifereji ikiwa mikavu, maji yakauzwa kwa mikokoteni, mitungi ya lita 20. Mtungi huo ukijaa una kilo 20 za maji. Mwanamke aupandishaye ngazini mara tano amechukua kilo 100 naye hajainjika chai.

Basi shukurani ya maji si ya ulimi peke yake. Kwanza, yampasa Mwislamu asifanye israfu, Mtume s.a.w. akitawadha kwa kadiri ya kibaba na akioga kwa kadiri ya pishi. Pili, asiyatie uchafu. Kukojoa katika maji yaliyosimama kumekatazwa, na achimbaye choo kando ya kisima cha jirani amemdhulumu. Tatu, aushike mzigo kwa mkono wake, Mtume s.a.w. alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake kazi zao, na hapana mwanamume aliye mtukufu kuliko yeye. Nne, mwenye kisima au mfereji asimfungie jirani mlango, kwani kuzuia maji yaliyozidi haja ni jambo lililokemewa vikali. Saad bin Ubada r.a. alipotaka kumtolea sadaka mamaye aliyekufa, alielekezwa kwenye maji, naye akachimba kisima.

Na katika neema atakazoulizwa mja Siku ya Kiyama ni maji baridi aliyokunywa. Heri yake ambaye siku hiyo mkewe, binti yake na jirani yake watamshuhudia kwa wema.

Wabillahi taufiki.