Shamba la Nabothi na Macho Mekundu



Sote twakijua kisa cha Nabothi, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu, naye Nabothi akakataa kutoa urithi wa baba zake. Yezebeli hakutuma jeshi. Alituma barua tu, wakapatikana watu wawili waovu wa kusema kwamba Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Nabothi akapigwa mawe akafa, Ahabu akashuka kulitwaa shamba.

Tusidhani kisa hiki ni cha kale. Huku kwetu Usukumani, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kuitwa wachawi. Ushahidi ni nini? Macho mekundu! Lakini macho hayo yameletwa na moshi. Kuni ni haba, na bibi amepikia wajukuu kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe maisha yake yote. Tena si mara moja imeonekana kwamba nyuma ya uvumi kuna mtu anayelitazama shamba la mjane.

Katiba yetu ya 1977 yampa kila mtu haki ya kuishi na haki ya kumiliki mali, tena yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Lakini uvumi haupiti mahakamani. Huanza kilabuni jioni, asubuhi umefika kisimani, na bibi hakuitwa ajitetee. Akikimbia kuokoa roho yake, shamba amelipoteza, na watu husema, "Mnaona? Amekimbia!"

Ndugu, tukiri. Mara ngapi maneno haya yamesemwa hata nje ya mlango wa kanisa, nasi tuliotoka kupokea Ushirika Mtakatifu tukanyamaza? Wazee wa mji wa Nabothi nao walijua, wakafanya kama Yezebeli alivyowaagiza.

Basi tukisikia neno la namna hiyo, tumwulize msemaji, "Umeona nini kwa macho yako?" Twende kwa bibi huyo mchana, watu wakituona. Tumpeleke hospitali atazamwe macho. Akitishwa, tufuatane naye kwa Mtendaji wa Kijiji na polisi, asiende peke yake.

Mungu aliyemtuma Eliya kwa Ahabu atupe sisi nasi kinywa cha kusema kweli. Amina.